Bimu ikipinda, nondo zikae juu au chini?

Ukiuliza nondo kubwa za bimu, yaani boriti ya zege, zikae upande gani, wengi watakujibu: chini. Mara nyingi ni kweli, ndiyo maana watu hulikariri jibu hilo bila kujua linatoka wapi.

Tuanze na nguzo. Bimu ya mita 6 imelazwa juu ya nguzo mbili, moja kila mwisho. Mzigo wa kilonyutoni 30 (kilonyutoni ni kipimo cha nguvu) umewekwa mita 2 kutoka nguzo ya kushoto. Nguzo husukuma juu kwa jumla ya kilonyutoni 30, lakini hazigawani sawa: ya kushoto 20, ya kulia 10. Aliye karibu na mzigo ndiye anayelemewa.

Kinachopima jinsi bimu inavyolazimishwa kupinda ni momenti ya kupinda: nguvu mara umbali. Ukihesabu toka kushoto hadi chini ya mzigo, 20 mara 2 ni 40. Toka kulia, 10 mara 4 ni 40 vilevile. Namba mbili zikigombana, rudi kwenye nguzo. Makosa mengi huanzia huko.

Sasa tuutoe mzigo huo, tutandaze kilonyutoni 12 kwa kila mita. Jumla ni 72, kila nguzo 36. Katikati ya bimu, nguzo inachangia 36 mara 3, yaani 108. Nusu ya mzigo, ambayo kitovu chake kiko mita 1.5 kutoka hapo, inapunguza 36 mara 1.5, yaani 54. Zinabaki 54. Bimu ikiwa ya mita 3 tu, utapata 13.5: urefu nusu, momenti robo.

Bimu hii hubonyea katikati. Juu yake zege hugandamizwa, nalo hustahimili; tumboni huvutwa, na zege likivutwa halina nguvu. Ndiyo sababu ya nondo chini. Kwenye baraza iliyoning'inia, ikishikwa na ukuta upande mmoja tu, mambo hugeuka: upande wa juu ndio unaovutwa.

Kuna wanaoongeza nguzo katikati ya bimu wakidhani wameiokoa. Tumboni itapumua kweli, ila mzigo utakaofuata utaipindisha juu ya nguzo hiyo mpya kama mgongo wa paka, na mvutano utahamia juu. Kama huko nondo ni chache, ufa utafunguka hapohapo juu ya nguzo.