Barua Hazikuifufua Star Trek

Kazi yangu ni kuwashauri waandaaji wa tamthilia: wapange misimu mingapi, wamuuzie nani, wasaini nini na wakatae nini. Kila mteja anapokatiwa tamthilia na kituo, huniambia maneno yaleyale: "Tutawahimiza mashabiki waandike. Si ndivyo Star Trek ilivyofufuka?" Star Trek ni tamthilia ya Marekani ya safari za anga za juu. Mwezi huu nimeyasikia maneno hayo mara tatu. Yule wa tatu alikuwa hata ameacha kufuatilia mkataba wake wa marudio, yaani wa kuuzia vituo vingine sehemu zilizokwisha kurushwa, amekaa anasubiri mashabiki wapige kelele. Basi nimeona niandike.

Dhana: Barua za mashabiki ndizo zilizoifufua Star Trek

Barua ziliipa msimu mmoja tu, tena ule ambao mashabiki wengi wanauona dhaifu kuliko yote.

Gene Roddenberry aliitengeneza katika studio ya Desilu, wakati huo ikiongozwa na mwigizaji Lucille Ball, na NBC, mojawapo ya vituo vitatu vikubwa vya Marekani, ikaanza kuirusha tarehe 8 Septemba 1966. Vipimo vya watazamaji havikuwahi kuipa nafasi ya kutamba. Mwishoni mwa 1967 uvumi ulipovuma kwamba itafutwa, Bjo Trimble na mumewe John wakaandaa kampeni ya barua. Ilikuwa kazi ya jasho: kukusanya anwani, kuwaelekeza watu namna ya kuandika, kila shabiki kumvuta mwenzake. Hesabu ya NBC yenyewe ilifika barua 115,000 hivi. Ile "milioni moja" inayotajwa kila mahali ni chumvi iliyoongezwa na wasimulizi. Tarehe 1 Machi 1968 ikatangazwa hewani kwamba tamthilia itaendelea.

Hapo ndipo watu wanapofunga kitabu, na hapo ndipo penye somo la biashara. Matumaini yalikuwa kuirusha Jumatatu saa moja na nusu usiku. NBC ikaipeleka Ijumaa saa nne usiku, saa ambayo kijana mwenye miguu yake hayuko nyumbani. Roddenberry akajiweka kando na uendeshaji wa kila siku, Fred Freiberger akashika usukani, na bajeti ikakatwa. Sehemu ya mwisho ilirushwa tarehe 3 Juni 1969. NBC ilizipokea barua zote zile, na mwaka mmoja baadaye ikaifuta vilevile.

Sasa piga hesabu nami. Msimu wa kwanza ulikuwa na sehemu 29, wa pili 26. Jumla 55. Kituo kinachorusha marudio siku tano kwa wiki kinazimaliza kwa wiki 11, kisha kinaanza kujirudia na watazamaji wanachoka. Msimu wa tatu ulileta sehemu 24, zikawa 79, takribani wiki 16. Wanunuzi wa marudio walipenda mzigo wa sehemu 100 hivi, kwa hiyo 79 zilikuwa pungufu, ila ziliuzika. Hiyo ndiyo kazi kubwa iliyofanywa na barua zile, na sidhani kama hata waandishi wake waliilenga.

Kampuni ya Kaiser Broadcasting, iliyokuwa na vituo vya kujitegemea, visivyofungamana na vile vitatu vikubwa, katika miji mikubwa kadhaa, ilinunua haki za marudio mapema, mwaka 1967, tamthilia ikiwa bado inarushwa na NBC. Ilipofika zamu yao wakaipanga saa kumi na mbili jioni, washindani wao wakiwa kwenye taarifa ya habari. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: kijana hataki habari, atatafuta kitu kingine, basi akikute kwetu. Kila siku, saa ileile. Aliyeshindwa kukesha Ijumaa sasa alikula chakula cha jioni huku anamtazama Spock, mmoja wa wahusika wakuu.

Kufikia 1972 Star Trek ilikuwa inaonekana katika zaidi ya miji 100 ya Marekani. Januari mwaka huohuo ukafanyika mkutano mkubwa wa mashabiki jijini New York. Waandaaji walitarajia mamia, wakaja maelfu. Angalia tarehe hizo. Ni miaka miwili na nusu baada ya kufutwa, hakuna sehemu hata moja mpya iliyotengenezwa, na umati unakua. Umati ule ulilelewa na marudio.

Na marudio yaliwezekana kwa sababu NBC ilikuwa mrushaji tu. Tamthilia ilikuwa mali ya studio, kwanza Desilu, kisha Paramount baada ya Desilu kununuliwa mwaka 1967. Ndiyo maana mteja akija kwangu na mipango ya kampeni mitandaoni, swali langu la kwanza huwa: haki za marudio ziko kwa nani? Kama ulisaini kwamba kituo kinamiliki kila kitu, popote na milele, mashabiki wako watapiga kelele hadi sauti ziwakauke na wewe hutakuwa na cha kumuuzia mtu. Nalisema hili kwa kila anayekaa kwenye kiti changu, na sitaacha.

Dhana: Ilifutwa kwa sababu hakuna aliyeitazama

Mamilioni waliitazama kila wiki. Ila ilikuwa tamthilia ghali, na kwa viwango vya vituo vitatu vikubwa vya wakati ule, idadi hiyo ilihesabiwa ya wastani au chini yake.

Dhana: Star Wars ndiyo iliyoirudisha

Paramount ilikwishamrudisha Roddenberry kazini mwaka 1975, miaka miwili kabla ya filamu ya Star Wars kutoka. Mafanikio ya Star Wars yaliwafungulia wakubwa pochi, ndiyo, na mpango wa tamthilia mpya ukageuzwa kuwa filamu ya sinema iliyotoka Desemba 1979. Lakini mzigo ulikuwa tayari uko njiani.

Dhana: Busu la Kirk na Uhura lilikuwa la kwanza la mweusi na mweupe kwenye televisheni

Busu hilo la nahodha mweupe wa chombo na afisa wake mweusi lilirushwa Novemba 1968. Televisheni ya Uingereza ilikuwa imeshaonyesha mabusu ya namna hiyo miaka kadhaa kabla. Msiliite la kwanza, liiteni maarufu.

Dhana: "Uhura" ni "uhuru" lililokosewa na Wamarekani

Hili nalisikia hasa kwa Waswahili wenzangu. Halikukosewa. Nichelle Nichols, aliyemwigiza Uhura, alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya ya Robert Ruark kuhusu Kenya, yenye jina Uhuru, na kutoka hapo jina likalainishwa kwa makusudi liwe la mwanamke. Zaidi ya hayo, katika msimu wa pili Uhura anafutwa kumbukumbu zote, na anapofundishwa upya kusoma Kiingereza, akikwama anaongea Kiswahili. Hiyo ni 1967, wakati ambao Wamarekani wengi hawakuwa wamewahi kukisikia. Jina "Nyota" ndilo lililochelewa. Kwenye skrini lilitamkwa mara ya kwanza katika filamu ya 2009.

Dhana: Kituo kilichoifuta kilijuta kikairudisha

NBC ilirusha toleo la katuni la Star Trek tu, sehemu 22, mwaka 1973 na 1974, Jumamosi asubuhi. Paramount ilipotaka kutengeneza The Next Generation, tamthilia mpya ya Star Trek, haikupata kituo kikubwa cha kuipa masharti iliyoyataka, ikaamua kuwapita wote. Iliwapa vituo vya mikoani tamthilia bila malipo, na badala yake ikachukua dakika saba kati ya kumi na mbili za matangazo ya biashara katika kila sehemu, ikawaachia tano. Vingi vya vituo hivyo vilikuwa vimeishi miaka yote kwa marudio ya Kirk na Spock, vikijua watazamaji wake kwa saa na kwa siku. Ilianza Septemba 1987, ikaenda misimu saba, sehemu 178.