Billie Holiday: yanayosemwa juu yake na yaliyomo kwenye santuri

Mtu akilitaja jina la Billie Holiday, mwimbaji wa jazi wa Marekani, haichukui muda atataja heroini, jela, wanaume wakorofi na ua jeupe kichwani. Sehemu kubwa ya hayo ni kweli. Tatizo ni kwamba yamekaa mbele ya kazi yake kama mtu mrefu aliyekukalia mbele sinema. Billie aliingia studio kurekodi kwa mara ya kwanza Novemba 1933, akatoka kwa mara ya mwisho Machi 1959, na kati ya tarehe hizo aliacha mamia ya nyimbo. Ukizisikiliza kwa kufuata miaka, mengi tuliyozoea kuyarudia hayasimami.

Kwa wasomaji wa huku kwetu, niseme mapema kwamba jazi hii si ile ya Morogoro Jazz wala Western Jazz. Bendi zetu zilichukua jina zikapiga dansi lao, tena tamu. Hapa tupo New York, kwenye muziki wa swingi, yaani jazi ya kucheza ya miaka ya thelathini.

"Alikuwa mwimbaji wa huzuni"

Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote, na dawa yake ni wimbo mmoja tu. Tarehe 2 Julai 1935 mpiga piano Teddy Wilson alikusanya kikosi kidogo kwa ajili ya kampuni ya Brunswick: Benny Goodman kwenye klarineti, Roy Eldridge kwenye tarumbeta, Ben Webster kwenye saksafoni, Cozy Cole kwenye ngoma. Billie alikuwa na miaka 20. Tafuta "What a Little Moonlight Can Do" ya siku hiyo. Bendi inakimbia, klarineti ya Goodman inatangulia, na wewe unategemea mwimbaji naye aingie mbio. Haingii mbio. Anaingia kwa "uuu" ndefu, anaiburuta, anayaacha maneno yachelewe nyuma ya mapigo huku ngoma zikimhimiza, halafu mwisho wa mstari anatua pale pale panapotakiwa. Na anacheka ndani ya sauti, unamsikia kabisa. Huyo si mtu wa majonzi. Ni binti wa mjini anayejua kuwa wanaume wote waliomo chumbani, wakongwe kwa vijana, wanamsikiliza.

Santuri za aina hiyo zilitengenezwa kwa wingi kati ya 1935 na miaka iliyofuata, nyingi zikilengwa kwenye mashine za baa ambazo mteja alitumbukiza sarafu, akachagua wimbo, watu wakacheza. Upande mmoja wa santuri ulibeba dakika tatu hivi. Ndani ya dakika hizo saksafoni ilipata zamu yake, tarumbeta yake, piano yake, na mwimbaji naye kwa kawaida aliambulia mzunguko mmoja. Billie aliutumia mzunguko wake kama mpiga ala mwingine tu. Ndiyo maana wapiga ala walimpenda.

Wapo pia wanaodai kwamba enzi hizo alitupiwa makapi, nyimbo ambazo waimbaji weupe walizikataa, naye akazigeuza dhahabu. Nusu yake ni kweli. "Eeny Meeny Miney Mo" na "One, Two, Button Your Shoe" ni nyimbo za kitoto, hakuna wa kuzitetea. Lakini katika miaka hiyo hiyo alirekodi "Summertime", "The Way You Look Tonight", "These Foolish Things", "They Can't Take That Away from Me" na "Easy Living". Hakuna makapi hapo. Hiyo ni akiba nono ya utunzi wa Marekani, na nyingine alizirekodi zingali mpya.

"Ni malkia wa blues"

Jina la kitabu cha maisha yake cha mwaka 1956, *Lady Sings the Blues*, ndilo lililoleta mkanganyiko. Blues kwa maana halisi, ule muundo wa mizunguko ya vipimo kumi na viwili vya mapigo, aliimba chache mno: "Billie's Blues" ya 1936, "Fine and Mellow" ya 1939, na nyingine za kuhesabika. Zilizobaki karibu zote ni nyimbo za mapenzi za watunzi wa Broadway na wa filamu. Bessie Smith ndiye aliyekuwa malkia wa blues, na Billie alikiri kujifunza kwake na kwa Louis Armstrong. Ajabu ni kwamba Bessie na Billie karibu wapishane mlangoni: produsa John Hammond alisimamia kikao cha mwisho cha Bessie tarehe 24 Novemba 1933, na siku tatu baadaye akasimamia cha kwanza cha Billie.

Kuhusu kitabu chenyewe, kiliandikwa na mwandishi wa magazeti William Dufty kutokana na maongezi na Billie, na kina makosa tangu kurasa za mwanzo. Wengi bado huandika kwamba alizaliwa Baltimore. Alikulia Baltimore; alizaliwa Philadelphia, Aprili 1915.

"Strange Fruit ni wimbo wake, na Columbia ndio walioutoa"

Hapa inabidi twende taratibu, maana makosa yamepandana.

Maneno na muziki ni vya Abel Meeropol, mwalimu wa shule huko Bronx, Myahudi na mkomunisti, aliyetumia jina la kalamu Lewis Allan. Shairi lake kuhusu watu weusi walionyongwa mitini na magenge ya wazungu lilichapishwa mwaka 1937 katika jarida la walimu, miaka miwili kabla ya Billie kulirekodi. Likageuzwa wimbo, likaimbwa kwenye mikutano ya mrengo wa kushoto New York, ndipo likamfikia Billie katika klabu ya Café Society. Kitabu cha 1956 kinadokeza kwamba Billie na wenzake ndio waliolitia muziki, na Meeropol alilalamika sana. Alikuwa na haki ya kulalamika.

Billie alichokifanya ni kikubwa bila kuhitaji kuongezewa cha mwenzake. Pale Café Society aliuweka wimbo uwe wa mwisho. Wahudumu waliacha kuhudumu, taa zikazimwa ukabaki mwanga mmoja usoni pake, na alipomaliza aliondoka jukwaani asirudi hata makofi yapigwe vipi. Watu walikuwa wamekuja kunywa na kustarehe, wakajikuta wamekaa na maiti.

Columbia, kampuni iliyokuwa na mkataba naye, ilikataa kuurekodi kwa kuogopa wateja wa Kusini. Ilichokubali ni kumruhusu aende kurekodi kwingine. Milt Gabler alikuwa na duka la santuri New York na kampuni ndogo iliyoitwa Commodore, na ndiye aliyeuchukua. Tarehe 20 Aprili 1939 walirekodi nyimbo nne. Wimbo wenyewe ulikuwa mfupi, kwa hiyo Gabler akamwomba mpiga piano Sonny White abuni utangulizi. Sikiliza: zaidi ya dakika nzima inapita kabla Billie hajafungua kinywa. Mtu aliyenunua santuri ya dakika tatu akasubiri theluthi moja ya muda kusikia mwimbaji! Na akishaanza, hakuna kilio, hakuna kupaza. Anayatamka maneno mamoja mamoja kana kwamba yuko kizimbani anatoa ushahidi.

Upande wa pili wa santuri hiyo kulikuwa na "Fine and Mellow", ambao ni utunzi wake kweli. Wengi walinunua kwa ajili ya huo.

Jambo jingine: video nyeusi na nyeupe inayozunguka mitandaoni, Billie amekonda, anaimba "Strange Fruit" na piano peke yake, si ya 1939. Ilipigwa katika kipindi cha televisheni London mapema 1959, miezi michache kabla hajafa, na anayepiga piano ni Mal Waldron. Miaka ishirini imepita kati ya sauti hizo mbili. Ukizichanganya utadhani mtu wa miaka 24 alikuwa na sauti ile.

"Hakuwa mtunzi"

Hawa nao wamekwenda upande wa pili mno. "God Bless the Child", iliyorekodiwa 1941, aliitunga na Arthur Herzog, na pia "Don't Explain". Aliandika maneno ya muziki wa Herbie Nichols yaliyozaa wimbo "Lady Sings the Blues". Na kuna "Left Alone", maneno yake juu ya muziki wa Mal Waldron, ambao hakuwahi kuurekodi hata mara moja. Huo unausikia kwa wengine tu.

"Kuna albamu yake na Count Basie"

Haipo ya studio. Aliimba na bendi ya Basie, mpiga piano na kiongozi wa bendi, mwaka 1937 hadi 1938, lakini Basie alikuwa na mkataba na Decca, na Billie yuko upande mwingine. Kilichobaki ni nyimbo tatu zilizonaswa kwenye matangazo ya redio, na ubora wake ni wa redio ya 1937. Na Artie Shaw, kiongozi mwingine wa bendi, hali ni mbaya zaidi: wimbo mmoja, "Any Old Time". Mikataba imetunyima mengi. Mwaka 1942 aliporekodi "Trav'lin' Light" na bendi ya Paul Whiteman kwa kampuni changa ya Capitol, santuri haikuthubutu kuandika jina lake; iliandika "Lady Day", jina la utani alilopewa na mpiga saksafoni Lester Young.

"Baada ya jela sauti iliisha, na zile nyuzi za fidla walimlazimisha"

Mwaka 1947 alihukumiwa mwaka mmoja na siku moja, akatumikia katika gereza la Alderson, West Virginia. Alipotoka Machi 1948, siku chache tu baadaye aliujaza ukumbi wa Carnegie Hall. Kwa hiyo si kweli kwamba New York ilimfungia milango yote. Alichonyimwa ni kibali cha polisi cha kufanya kazi katika klabu zinazouza pombe, na huko ndiko riziki ya kila siku ya mwanamuziki wa jazi ilikokuwa. Kumbi za maonyesho zilibaki wazi, na studio pia. Nusu ya pili ya santuri zake inatokana kwa kiasi fulani na hilo.

Sauti ilibadilika, haina ubishi. Haikuwahi kuwa pana hata ujanani. Alizunguka ndani ya oktavu moja na ushee. Miaka ya hamsini ikawa na mikwaruzo na kuishiwa pumzi. Lakini sikiliza vikao vya Januari 1957 alivyofanya chini ya produsa Norman Granz, akiwa na Ben Webster yule yule wa 1935, Harry Edison kwenye tarumbeta na Jimmy Rowles kwenye piano. Muda, ile hesabu ya wapi neno liangukie, umenolewa zaidi. Binafsi navipenda vikao hivyo kuliko hata vya ujana, na najua wapo watakaonibishia.

Halafu kuna *Lady in Satin*, iliyorekodiwa Columbia Februari 1958 na orkestra kubwa yenye nyuzi chini ya Ray Ellis. Wapenzi wa jazi wenye msimamo mkali husema kampuni ilimvisha gauni lisilo lake. Ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyemtaka Ellis baada ya kusikia kazi yake. Na wala haikuwa tamaa ya uzeeni: mwaka 1944, alipohamia Decca na kurekodi "Lover Man", ni yeye aliyemwomba Milt Gabler nyuzi, wakati waimbaji weusi wa jazi hawakuwa wakipewa. Ellis mwenyewe alikiri baadaye kwamba kazi ilipomalizika hakuridhika na uimbaji wake; wiki kadhaa baadaye, alipousikia mchanganyo wa mwisho, ndipo alipoelewa. Anayeisikiliza mara ya kwanza mara nyingi hupita njia ile ile.

"Nimeshaisikia ile 'Fine and Mellow' ya televisheni, ninayo kwenye albamu"

Pengine huna. Tarehe 8 Desemba 1957 kituo cha CBS kilirusha moja kwa moja kipindi *The Sound of Jazz*, na Billie akaimba "Fine and Mellow" akiwa ameketi katikati ya Lester Young, Coleman Hawkins, Ben Webster, Gerry Mulligan, Roy Eldridge na wengine. Lester, hali yake dhaifu, anasimama kupiga mzunguko mmoja, noti chache kabisa, na kamera inamwendea Billie anayeitikia kwa kichwa na kutabasamu kana kwamba wanaongea. Albamu yenye jina hilo hilo, ya Columbia, ilirekodiwa studio siku chache kabla. Ni upigaji mwingine. Ile ya kipindi chenyewe ipo kwenye video.

"Alikufa tajiri wa tuzo"

Tuzo za Grammy zilitolewa kwa mara ya kwanza Mei 1959. Billie alifariki tarehe 17 Julai mwaka huo, akiwa na miaka 44, bila hata moja. Zilizoandikwa kwa jina lake ni za makusanyo yaliyotolewa baadaye. Santuri zile za ujana alilipwa kwa kikao, bila mrabaha, kwa hiyo hata zilipouzwa upya yeye hakuonja. Benki alikutwa na senti 70.

Makusanyo hayo hayo ndiyo yanayompotosha msikilizaji wa leo. Wimbo mmoja aliweza kuurekodi mara mbili, tatu, hata nne, katika kampuni tofauti, na orodha za mitandaoni huzichanganya bila kutaja mwaka. Njia rahisi ya kujua uko wapi ni kuangalia lebo: Brunswick, Vocalion na OKeh ni kabla ya 1943, Commodore ni 1939 na 1944, Decca ni 1944 hadi 1950, Clef na Verve ni miaka ya hamsini. Columbia ikiwa na nyuzi ni 1958, na MGM ni ile ya mwisho kabisa, Machi 1959, Ray Ellis tena.