“The whole nine yards” haikutoka kwenye mkanda wa risasi
Kwenye makundi ya WhatsApp hapa Tanga bado unazunguka ujumbe kwamba “the whole nine yards”, msemo wa Kiingereza wa kufanya jambo mpaka mwisho bila kubakiza, ulizaliwa Vita vya Pili vya Dunia: eti rubani alimaliza mkanda mzima wa risasi wa futi 27.

Hesabu ni sawa, yadi 9 ni futi 27. Tarehe ndizo zinazokataa. Msemo ulichapishwa gazetini Indiana, Marekani, mwaka 1908. Mwaka 1912, Kentucky, ukaandikwa “the whole six yards”, maana ileile. Mkanda gani huo uliopungua yadi tatu?

Hakiki mwenyewe: fungua hifadhi ya magazeti ya zamani mtandaoni, andika msemo ndani ya alama za nukuu, weka kikomo mwaka 1938. Kisha soma tarehe kwenye picha ya ukurasa wenyewe, kwani tarehe ya kwenye orodha ya matokeo wakati mwingine hukosewa.

Namba kamili huaminisha watu, ndiyo maana hadithi hii haifi. Walimu wenzetu, maana wafundisheni: fundi wa Ngamiani aliyeshona gauni, akatia bitana, zipu na vifungo, “went the whole nine yards”. Hadithi ya risasi tafadhali msiisambaze tena.