Dino Zoff: yanayosemwa na yaliyotokea

Wengi wanamjua Dino Zoff, kipa wa Italia, kwa picha moja: nahodha wa miaka 40, Kombe la Dunia mkononi, Madrid, Julai 1982. Picha hiyo imezaa dhana kwamba alizaliwa kipa na vilabu vikubwa vilimgombania. La hasha. Akiwa na miaka 14 alijaribiwa na Juventus na Inter, akakataliwa kote kwa sababu ya ufupi wake. Akashika kazi ya ufundi magari, huku bibi yake akimlisha mayai ili arefuke. Mechi yake ya kwanza ya Serie A, ligi kuu ya Italia, akiidakia Udinese mwaka 1961, alifungwa na Fiorentina mabao matano. Juventus walimchukua 1972, tayari ana miaka 30.

Linalovurugwa zaidi ni lile la rekodi yake ya dakika 1,142 bila kufungwa. Utasikia Buffon, kipa mwingine wa Italia, aliivunja mwaka 2016. Dakika 974 za Buffon ni za Serie A, na rekodi aliyoivunja pale ni ya Sebastiano Rossi wa Milan. Za Zoff ni za timu ya taifa, kuanzia Septemba 1972 hadi Juni 1974, siku Emmanuel Sanon wa Haiti alipompita mjini Munich na kutikisa nyavu. Wengine hudai Italia ya Euro 2020 iliifuta rekodi hiyo. Kikosi kile kilifikisha dakika 1,168, lakini makipa walipokezana langoni. Kwa kipa mmoja, hakuna Mwitaliano aliyemfikia Zoff.

Wanaosema alishinda kila kitu wamesahau Kombe la Ulaya la vilabu: alipoteza fainali mbili, mbele ya Ajax 1973 na Hamburg 1983.

Dhana inayoniuma ni kwamba 1982 alibebwa, mzee aliyeachiwa namba kwa heshima. Ilianza kwenye Kombe la Dunia la 1978, alipofungwa mashuti ya mbali na Uholanzi na Brazil, akalaumiwa sana. Nenda katazame dakika za mwisho za Italia na Brazil, Barcelona, 5 Julai 1982. Italia inaongoza 3-2, sare inatosha kuivusha Brazil. Oscar anapiga kichwa kikali cha chini. Zoff anajitupa na kuubana mpira palepale kwenye mstari. Wabrazil wananyoosha mikono wakidai goli. Kuupangua tu kusingetosha, maana palikuwa na watu wa kuumalizia. Ilibidi udakwe, na ukadakwa. Bila mikono ile hakuna nusu fainali, wala picha ya Madrid.

Tena husemwa kwamba mtu mkimya namna ile hakuwa kiongozi. Katika mashindano hayohayo, baada ya sare tatu za mwanzo, ya tatu na Cameroon, wachezaji waligoma kuongea na waandishi wa habari. Waliyemteua awasemee ni Zoff, mwenye maneno machache kuliko wote.

Na baadaye, akiwa kocha wa timu ya taifa ya Italia, hakuacha kazi hiyo kwa sababu ya kufungwa fainali ya Euro 2000, ingawa Ufaransa walisawazisha dakika za majeruhi na kushinda kwa bao la dhahabu la Trezeguet, yaani bao la muda wa nyongeza linalomaliza mechi papo hapo. Silvio Berlusconi, mwanasiasa na mmiliki wa Milan, alimshambulia hadharani kwa kutomwekea Zidane, nyota wa Ufaransa, mtu wa kumkaba. Zoff aliona amevunjiwa heshima. Siku chache baada ya fainali aliitisha waandishi, akasema hafundishwi utu na mtu yule, akajiuzulu.