Lupini ya mwituni: hesabu vijani kabla hujashangilia

Kila mwezi wa tano nikipost picha za lupini ya mwituni, mmea wa maua wa jamii ya kunde, kwenye lile shamba la mchanga tunalolihudumia hapa Michigan, Marekani, inbox inajaa, "dada hiyo mbegu naipata wapi", na wengine wananitumia picha wakisema na wao wanayo. Jamani, nyingi mnazotuma siyo yenyewe.

Yenyewe ni Lupinus perennis, mwenyeji wa mashariki mwa Marekani. Inayojaa madukani ni Lupinus polyphyllus ya kule magharibi, au machotara yake, ndefu mpaka mita moja na nusu, shada limeshona, kwenye picha inapendeza balaa ndo maana inauzika. Hata mimi nilishapigwa, paketi imeandikwa kabisa ya mwituni, nikalea miaka miwili, inachanua ndo nagundua nimelea mtoto wa jirani.

Usisubiri maua basi. Shika jani moja, liko kama kiganja kilichokunjuliwa, asubuhi unakuta tone la umande limetulia pale katikati kama shanga ya kioo. Hesabu vijani vyake, yaani vile vipande vinavyounda hilo jani moja. Vikiwa 7 au 8, vifupi, na mmea haujazidi sentimita 60 hivi, una matumaini. Vikifika 13, 15, virefu kuliko kidole, achana nayo. Shida iko kwenye 9 mpaka 11, hapo aina zote mbili zinagongana, halafu zikikaa jirani zinazaana, kwa hiyo kagua mimea kadhaa, usihukumu kwa jani moja.

Kwa nini nakomaa hivi? Kuna kipepeo mdogo wa bluu, Karner blue, kiwavi wake anakula majani ya hii perennis tu, na tangu 1992 yuko kwenye orodha ya serikali ya Marekani ya viumbe walio hatarini kutoweka. Kiwavi hatoboi jani, anakwangua nyama na kuacha ngozi nyembamba, jani linabaki na vidirisha. Ukiviona, usikate kitu hapo.

Kupanda: mchanga, jua kali, maji kidogo, mbolea ya naitrojeni usiweke maana ni jamii ya kunde inajitengenezea kwa msaada wa bakteria wa mizizini. Mbegu ina ganda gumu, isugue kidogo na msasa, loweka usiku kucha kama maharage, zilizovimba panda, zilizobaki vilevile rudisha kwenye msasa. Panda palepale itakapokaa, mzizi wake unazama chini sana na ukihamisha mche mkubwa mara nyingi unakufa. Maua subiri mwaka wa pili au wa tatu. Na msije mkanichemshia hizo mbegu, zina sumu.

Kuvuna, maganda yakianza kuwa kahawia yaweke kwenye mfuko wa karatasi na ufunge. Mimi niliyaacha kwenye sinia mezani, usiku nasikia tak, tak, nikajua panya, asubuhi nikaokota mbegu mpaka chini ya friji.