Kamusi ya data siyo lile faili la Excel la majina ya kolamu

Jamani hili tuliweke sawa, maana kila kikao cha mifumo lazima atokee mtu aseme "kamusi ya data tunayo", ukimwambia aifungue anafungua Excel yenye jina la tebo, jina la kolamu, aina ya data, basi. Hiyo siyo kamusi ya data.

Kwa kifupi, kamusi ya data ni maelezo ya kila kilichomo kwenye databesi: kina maana gani kwenye kazi ya taasisi, thamani zipi zinaruhusiwa, na idara gani ina kauli ya mwisho pakitokea ubishi. Inatunzwa na wote wanaoigusa hiyo data, siyo IT peke yao.

Sasa lile faili ni nakala ya katalogi ya mfumo, yaani orodha ya tebo na kolamu ambayo databesi yenyewe inajiwekea. Databesi za kirelesheni (zile zinazopanga data kwenye tebo) zinajitunzia taarifa zao zenyewe, na Codd, aliyebuni mfumo huo wa databesi, aliliweka hilo kama kanuni ya 4 kwenye zile kanuni zake za 1985, kwamba maelezo ya databesi yaulizwe kwa lugha ileile unayoulizia data ya kawaida, ndiyo maana kwenye programu za databesi kama PostgreSQL au MySQL ukiuliza information_schema.columns unapata orodha nzima papo hapo. Mkanganyiko nauelewa unakotoka, Oracle wanaziita tebo zao za ndani "data dictionary" na MySQL kuanzia toleo la 8.0 la 2018 nao wana kitu cha jina hilohilo. Lakini hiyo ya ndani inajua umbo tu. Inajua kolamu ni namba na hairuhusiwi kuwa tupu. Haijui kwamba namba_nida ni taarifa binafsi inayolindwa na sheria, kwake ni maandishi kama maandishi mengine.

Chukua SACCOS yoyote. Tebo ya mikopo ina kolamu hali_mkopo, aina yake smallint (namba ndogo nzima), thamani 1 mpaka 5. Muulize afisa mikopo 4 ni nini, atakwambia umefungwa, yaani mwanachama kamaliza kulipa. Muulize mhasibu, naye atakwambia umefungwa, ila yeye anahesabu humo na ile iliyofutwa vitabuni baada ya kushindikana kulipwa. Bodi inaletewa ripoti mbili, idadi ya waliomaliza mikopo haifanani, na lawama zote anashushiwa developa wakati mfumo hauna kosa lolote, kilichokosekana ni sentensi moja ambayo idara zote mbili zimeikubali. Na wakikaa kuiandika ndipo wanagundua 4 ilikuwa imebeba vitu viwili, inabidi iliyofutwa ipewe namba yake, 6. Hiyo kazi katalogi haiwezi kukufanyia hata uwe na databesi ya bei gani.

Kinachoniudhi zaidi ni ule upande wa pili, watu wanaweka ukurasa mmoja kila mtu aandike anavyojua halafu wanasema tunashirikiana. Kushirikiana kwenye kamusi maana yake yeyote anaweza kupendekeza, ila kila kolamu ina idara yenye dhamana (idara, siyo jina la mtu, watu wanahama) na idara hiyo ndiyo inaidhinisha. Maelezo ya zamani yabaki yakionekana pamoja na tarehe yalipobadilishwa. PostgreSQL ina COMMENT ON COLUMN, amri ya kuandika maelezo ya kolamu, na mimi naipenda kwa sababu maelezo yanakaa palepale na data, lakini inabeba maelezo mamoja tu kwa kila kitu, ukiandika mapya ya zamani yamefutika, na yeyote anayeweza kuingia kwenye hiyo databesi anayasoma, kwa hiyo siri usiweke humo. Ndiyo maana hizo amri zenyewe zinatunzwa kwenye Git (programu inayohifadhi historia ya kila badiliko), kolamu mpya na maelezo yake viombewe kibali pamoja, kolamu ikija bila maelezo irudishwe.

Kwa hiyo kama mlicho nacho ni lile faili, semeni tu tuna orodha ya kolamu, ni mwanzo mzuri kabisa. Ongezeni kolamu mbili, ya maana na ya idara yenye dhamana, halafu mkalisheni afisa mikopo na mhasibu meza moja mwanze na hali_mkopo.