Je, wajua barua ya siri husomwaje na mtu asiye na ufunguo wake?

BHGHUH JOPVP FH AHVKCSC TH HAHTP.

Mstari huo tuliukuta Jumamosi moja ya Januari, ndani ya barua iliyofungwa kwa nta ya nyuki. Tulikuwa watu watano tumefungiwa sebuleni kwa binamu yangu, mtaa wa Isevya, hapa Tabora. Sebule alikuwa ameigeuza ngome ya Ulaya ya karne ya 14: mashuka ya kijivu yaliyochorwa mawe kwa mkaa, mishumaa kila pembe, upanga wa mninga uliochongwa na fundi seremala jirani. Tulipewa dakika 60 kuutafuta ufunguo wa mlango, na zilikuwa zimebaki 31.

Mchezo huu sisi tunauita chumba cha mafumbo. Mnafungiwa ndani, kila fumbo mnalofumbua linawapeleka kwa jingine, hadi mlango ufunguke. Kwa sura yake hii ya leo ulianzia Kyoto, Japani, mwaka 2007, ulipoandaliwa na Takao Kato, kisha ukaenea duniani. Mandhari ya zama za kati yanaufaa sana, kwa sababu watu wa zama zile waliishi kweli na makufuli, mihuri na barua za siri. Hata ile nta haikuwa pambo: Ulaya ya wakati huo, mihuri mingi ya hati ilipigwa kwenye nta ya nyuki, mara nyingi ikichanganywa na utomvu wa miti. Ya kwetu ilitoka Sikonge, pamoja na asali.

Sasa turudi kwenye mstari wetu. Hujaambiwa herufi zimebadilishwaje. Unaanzia wapi?

Sisi tulianza kwa kukisia, na dakika sita zikaondoka bure. Kuna njia ya zamani ya kusogeza herufi hatua kadhaa mbele, ambayo Julius Caesar, mtawala wa Roma ya kale, aliitumia kwa kusogeza hatua tatu. Tulijaribu tatu, tukapata takataka. Kwa herufi 24 za Kiswahili, yaani bila q na x, kuna misogezo 23 tu, kwa hiyo mwenye subira anaweza kuijaribu yote. Lakini kama mwandishi amezichanganya herufi ovyo, hii hapa na ile kule, idadi ya michanganyiko inapita bilioni mara bilioni. Hapo kukisia hakufai kabisa.

Aliyetuokoa ni rafiki yetu mmoja, mwalimu wa hisabati. "Shemeji, acha kubahatisha," aliniambia. "Hesabu hizo h."

Nilihesabu. Mstari una herufi 27, na h ni nane. Inayofuata, p, ni tatu tu.

Njia hiyo iliandikwa Baghdad katika karne ya 9 na mwanafalsafa Al-Kindi, katika risala yake juu ya kufumbua barua za siri. Alisema hivi: chukua maandishi ya kawaida ya lugha ileile, yawe marefu ya kutosha, uhesabu kila herufi imetokea mara ngapi. Inayotokea zaidi iite ya kwanza, inayofuata ya pili, kisha ya tatu. Kisha fanya vivyo hivyo kwa barua iliyofichwa, ulinganishe. Herufi inaweza kubadilishwa sura, lakini wingi wake unabaki palepale. Kwangu mimi huu ni mmoja wa uvumbuzi mzuri kuliko yote ya zama za kati, na unatumia kalamu, karatasi na utulivu basi.

Katika Kiarabu zinazoongoza ni alif na lam. Katika Kiingereza ni e. Katika Kiswahili ni a, tena inaziacha nyingine mbali. Tazama inakoingia: wa, ya, la, za, cha, kwa, na, vitenzi vingi vinaishia nayo, -na- na -ta- za nyakati zinaibeba, hata "analala" ina nne peke yake. Kwa hiyo h yetu ilikuwa karibu hakika ni a. Na kama herufi zimesogezwa tu, kutoka a hadi h ni hatua saba. Rudisha kila herufi hatua saba nyuma, na ukifika a unarukia z.

Kabla hatujarudisha yote, mwalimu alituonyesha jambo jingine, na hili ndilo lililonifurahisha zaidi. Tazama miisho ya maneno: h, p, h, c, h, p. Neno la Kiswahili karibu siku zote huishia kwa irabu. Hata la kuazima tunalivika irabu, kitab ya Kiarabu ikawa kitabu. Maana yake h, p na c zote ni irabu, na tumeshajua hivyo kabla ya kusoma neno hata moja. Tukarudi saba: p ikawa i, c ikawa u. FH ikawa ya, TH ikawa la. Mengine yakajisoma yenyewe:

Tazama chini ya sanduku la asali.

Sanduku lilikuwa kando ya dirisha siku nzima, tumelipita mara kumi. Ufunguo ulibandikwa chini yake. Tulitoka zikiwa zimebaki dakika 12.

Kwa barua fupi hesabu inaweza kupotosha; mstari wetu ulikubali kwa sababu a ina nguvu mno na maneno yaliachiwa nafasi katikati. Waandishi wa siri wa zamani nao walijua kuwa hesabu huzifichua irabu. Mjini Mantua, Italia, kuna ufunguo wa barua za siri wa mwaka 1401 ambao irabu zimepewa alama kadhaa kila moja, ili wingi wao ugawanyike usionekane.

Pasaka ni zamu yetu kumfungia binamu. Tumeshaiandika barua yake: a ina alama nne, i tatu, u tatu, na maneno yote yameunganishwa kuwa mstari mmoja.